DrawShield: andika maelezo, upate ngao

Tovuti hii ya bure haikupi brashi. Unaielezea ngao ya nembo kwa lugha ya kale ya wanaheraldi (wataalamu wa nembo za ngao), Kiingereza kilichochanganyika na Kifaransa, nayo inachora. Andika "azure, a bend or" upate uwanja (usuli wa ngao) wa buluu wenye mkanda wa dhahabu wa mshazari, kutoka juu kushoto kwako hadi chini kulia. Ndiyo ngao ambayo Scrope na Grosvenor, makabaila wawili wa Uingereza, waliigombania mahakamani kuanzia 1385.

Rangi ya uwanja hutangulia, hufuata alama kuu (mchoro ulio juu ya uwanja), kisha rangi ya alama. Ukikosea herufi, neno huenda lisitambulike.

Makosa mengi lakini ni ya mbunifu mwenyewe: simba wa dhahabu juu ya fedha, au nyekundu juu ya buluu. Metali (dhahabu na fedha) haikai juu ya metali, wala rangi juu ya rangi, maana ngao lazima isomeke kwa mbali. Alama moja hadi tatu zinatosha. Zaidi ya hapo ni fujo tu.

Pakua faili la SVG, lisiloharibika likikuzwa, badala ya PNG, picha ya kawaida, hasa kama unachongesha mhuri. Na mchoro huu si hati: Kenya, nembo rasmi hutolewa na College of Arms, taasisi ya nembo ya nchi hiyo, kwa sheria ya 1968.