Kampuni ya kuhamisha vitu iliyonilaza sakafuni

Nilijiambia nikimaliza kufungua maboksi hasira zitapoa. Maboksi yameisha, hasira ziko pale pale.

Nimehama majuzi, au tuseme wiki mbili hivi, siku zimenichanganyikia. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima nilikuwa nahamia nyumba ambayo ufunguo wake ninao mimi tu. Sisemi zaidi ya hapo. Waliowahi kugawana vyombo na mtu watanielewa. Nilitaka siku hiyo moja ipite bila kisirani, ndiyo maana nikalipa kampuni badala ya kusumbua ndugu.

Walifika kwa wakati, nakiri. Msimamizi akaingia, akazungusha macho sebuleni, akasema, "Dada, ndiyo vitu vyenyewe hivi? Ungetuambia tuje na mkokoteni." Wenzake wakaangua kicheko, isipokuwa kijana mmoja, mdogo kuliko wote, aliyejifanya anakagua kamba.

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Sasa njoo kwenye kitanda. Ni cha mbao, cha kufunga kwa bolti. Wakakifungua: mbavu huku, chaga kule, kichwa kikaegemezwa mlangoni. Nikamwomba msimamizi bolti azitie kwenye mfuko, na mfuko aubandike kwa seloteipu kwenye ubavu wa kitanda. Akanijibu bila hata kuniangalia: "Dada, kazi hii nimeianza wewe hujajua kununua kitanda." Akazitumbukiza mfukoni mwa ovaroli yake.

Bila shaka umeshajua zilikoishia. Ziliondoka na ovaroli.

Niligundua usiku, gari limeshakwenda, karatasi yao nimeshasaini kwamba kila kitu kimefika. Nikampigia. "Tafuta vizuri, zitakuwemo humo humo kwenye maboksi." Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nikalitupa godoro sakafuni, dirisha halina pazia, chaga zimeegemea ukuta zinanitazama. Mashuka mapya niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya usiku ule sikuyatoa. Nilijifunika kanga na koti.

Wala sisemi hawajui kazi. Kabati walilizungushia mablanketi, maboksi ya vitabu yakakaa chini na ya vyombo juu, hata glasi moja haikupata ufa. Friji waliilaza garini halafu msimamizi akaniambia niwashe tu. Nikamkatalia, nikaiacha isimame usiku kucha ili oili irudi kwenye kompresa, na inagandisha vizuri. Ukitafuta mikono na migongo, hao wanafaa. Ukitafuta adabu, tafuta kwingine. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshaandika kwa herufi kubwa: MSIWAAJIRI.

Jioni mlango ukagongwa. Yule kijana, na soksi mkononi. Ndani ya soksi bolti nane na nati zake. Alizitoa kwenye ovaroli iliyokuwa imetundikwa stoo kwao, akaja kwa miguu yake, na spana mfukoni. Hakutaka hata kukaa. Alipokuwa anapanga mbavu akasimama, akauliza, "Dada, wewe unapenda kulala upande gani? Tukigeuze mapema, kikishafungwa ni kizito."

Nikakosa jibu. Miaka yote nimelala upande uliobaki.

Nikasema dirishani. Akakigeuza, akakaza, akasukuma kila kona kwa goti kusikia kama inalia. Hela akakataa.

Kwa hiyo nikafuta zile herufi kubwa. Nikaandika wanafaa. Nikakumbuka ule mkokoteni, nikafuta tena. Maana kwa nini mtoto wa watu alipe kwa jasho lake kiburi cha mkubwa wake? Msimamizi mwenyewe hajanipigia, ila ofisi yao imenitumia ujumbe nichague nyota kwa "timu yetu". Timu ipi? Yule mmoja nampa zote. Wengine wazigawane zitakazobaki.

Najua mtaniuliza ni kampuni gani. Jina silitaji. Kijana alipokuwa anaondoka aliniomba jambo moja tu, kwamba ofisini wasijue alikuja.