Matembezi ya Jozani na suala la kumrejesha chui Unguja

Kila yanapozuka mazungumzo ya kumrejesha chui Unguja, ambako anadhaniwa kuwa ametoweka, mimi huwashauri watu waanzie Jozani, kwa sababu matembezi ya kuongozwa katika hifadhi hiyo ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2004, yanalifafanua suala hili kwa namna ambayo ubishi wa barazani hauwezi.

Muongozaji wetu alikuwa kijana mwenye adabu na ujuzi. Mgeni mmoja alimuuliza kwa nini Zanzibar isifuate mfano wa Rwanda, iliyoleta simba saba kutoka Afrika Kusini mwaka 2015 na kuwaachia katika hifadhi ya Akagera. Alijibu kwa utulivu kwamba Akagera ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000 na ilijengewa uzio wa umeme kabla ya simba kufika, ilhali Jozani ina kilomita za mraba 50 tu na imepakana na mashamba na nyumba za watu. "Na chui akija, mama, atakula nini?" aliniuliza, akituonesha alama za kwato ndogo za paa kwenye udongo mweusi. Paa nunga wamekuwa adimu kwa kuwindwa, na kima punju, ambao walikuwa wakitafuna majani machanga ya mkungu hatua chache kutoka tuliposimama, nao wako hatarini kutoweka.

Historia pia hakuiruka. Vijijini iliaminika kuwa chui ana wenyewe, yaani wachawi wanaomfuga na kumtuma, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja. Kamera iliyotegwa mwaka 2018 ilinasa mnyama aliyedhaniwa kuwa chui, lakini kuwepo kwake hakujathibitishwa.

Chui wa Unguja, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1932, alikuwa mdogo kuliko wa bara na madoa yake yalikuwa madogo zaidi. Kwa maoni yangu, kumleta wa bara leo ni kumwongezea paa nunga adui, na kumtwisha mfugaji wa mbuzi hofu ambayo hakuulizwa kama anaikubali. Kwanza mitego iondolewe msituni na paa waongezeke.

Huduma naipa alama za juu. Ningependa tu habari za chui zipangiwe muda wake maalumu, kabla ya wageni kupelekwa kwenye njia ya mbao ya mikokoni. Kwa sasa, anayekwenda aende asubuhi na aulize mwenyewe.