Simu mpya za 2025 madukani Tanga: ipi ununue, ipi uiache kwenye shelfu

Kama una laki tatu na ushee na unataka simu janja mpya, nunua Samsung Galaxy A07. Kama shida yako kubwa ni chaji, nunua Redmi 15C. Ukipenda simu ya kujaa chaji upesi, yenye boksi lililokamilika na fundi anayeijua, Tecno Spark 40. Chini ya laki tatu chukua Redmi A5, na ukiwa na laki tano usihangaike sana, Galaxy A17 inatosha. Mwenye haraka aishie hapa aende zake madukani Ngamiani. Mwenye nafasi asome sababu, maana nimezipanga simu hizi tofauti na wanavyozipanga wauzaji.

Tuelewane kwanza. Haya ni maoni ya simu ambazo bado zinanukia boksi: nimezishika madukani, nimezitoa nje juani, nimepiga nazo picha na kuchezea mipangilio. Simu inayopendeza leo inaweza kukuchosha baada ya mwaka, na hilo ndilo nililolipa uzito. Huku kwetu simu ina maadui watatu: jua la saa saba mchana, hewa ya chumvi na sakafu ya saruji. Megapikseli hazimsaidii mtu kwa lolote kati ya hayo.

GB za kuazima

Kabla ya majina, tumalize habari ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo simu inafanyia kazi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapigwa. Nilikuwa kwenye duka moja Ngamiani, akaingia bi mkubwa mmoja anamtafutia mjukuu wake simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nataka simu ya mjukuu, asomee. Isiwe ya kugandaganda."

"Chukua hii bibi, GB 8 hii, haigandi."

Nikaliomba lile boksi. Kweli, imeandikwa 8GB kwa herufi kubwa, na pembeni yake kuna kinyota. Ukikifuata kile kinyota mpaka chini ya boksi, kwa maandishi ya kutafutia miwani, unakuta 4GB + 4GB. Zile nne za pili si RAM. Simu inamega sehemu ya hifadhi yake ya ndani na kuitumia kama RAM ya dharura, na hifadhi hiyo ina spidi ndogo mno ukilinganisha na RAM yenyewe. Inasaidia kidogo programu zisijifunge zenyewe ukitoka WhatsApp kwenda kuangalia ujumbe wa benki, lakini haiifanyi simu iwe nyepesi. Bi mkubwa akauliza, "Kwa hiyo hizo nne nyingine ziko wapi?" Kijana muuzaji akacheka: "Zipo bibi, ila ni za kuazima."

Mchezo huu wanaucheza karibu wote, wa bei ya chini na wa juu. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, usome RAM ya kweli. Ukiambiwa GB 16 kwa laki tatu, kata kwa nusu kabla hujatoa hela.

Ya kwanza: Samsung Galaxy A07

Kwa macho haina mvuto. Ni nyembamba, mgongo wa plastiki, na ukiiweka karibu na ndugu zake wa mwaka juzi utadhani ni ileile. Kioo chake cha inchi 6.7 ni cha HD+, si HD kamili, na ukiiinamisha upande rangi zinafifia. Kamera ya megapikseli 50 inatosha mchana. Usiku harusini utapata vivuli na macho mekundu.

Kwa nini basi niiweke juu? Sababu ya kwanza ni prosesa, yaani ubongo wa simu. Ina Helio G99, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6, wakati simu nyingi za bei hii zilizotoka 2025 zinatumia Helio G81 ya nanomita 12. Hapa namba ndogo ndiyo bora: simu inapata joto kidogo na haifyonzi betri ovyo. Tofauti unaiona dukani bila kipimo chochote. Fungua kamera, rudi, fungua ramani, rudi, fungua kamera tena. A07 inakwenda, wenzake wanavuta pumzi.

Sababu ya pili ndiyo iliyonimaliza: Samsung wameahidi matoleo sita ya Android na miaka sita ya apdeti za usalama. Imetoka na Android 15 mwaka 2025, kwa hiyo tunazungumzia mpaka 2031. Simu za bei hii zilizoea kupata apdeti mbili kisha zinatelekezwa. Wengi hudhani apdeti ni kubadilisha sura ya vitufe tu, lakini ndizo zinazoziba matundu ya usalama, na programu za benki hufika mahali zikagoma kufanya kazi kwenye Android ya zamani. Ikiwa pesa yako yote ya biashara inapita kwenye simu, hili si jambo la kupuuza.

Nina shaka moja. Ile yenye RAM ya GB 4 itapumulia mashine kabla ya kufika apdeti ya sita. Ukiipata ya GB 6, ongeza hela uichukue hiyo. Jingine: boksi lina waya tu, chaja hakuna. Simu inakubali chaji ya wati 25, na chaja ya kweli utainunua pembeni, kwa hiyo iingize kwenye hesabu yako mapema. Chaja zile za kumwagwa juu ya meza barabarani zimeandikwa wati yoyote uipendayo.

Ya pili: Redmi 15C

Betri ya mAh 6000, chaji ya wati 33, kioo cha inchi 6.9. Hii ni simu ya bodaboda, ya wakala, ya mtu anayetoka asubuhi kwenda Horohoro, mpakani na Kenya, na hajui usiku atalala wapi. Kwa matumizi ya kawaida ukiichaji usiku, kesho yake jioni bado inakutazama.

Ukubwa wake ndiyo mtihani. Inaingia vizuri kwenye mfuko wa kanzu, lakini kwenye mfuko wa jinzi inachungulia, na kwa mji wa baiskeli kama huu ujue itadondoka siku moja. Kuiandikia kwa mkono mmoja ni kazi, hasa kwa wenye viganja vidogo. Kioo kinakimbia kwa Hz 120, yaani picha inajichora upya mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo ukipandisha na kushusha kinateleza vizuri, ila prosesa ni ileile Helio G81, na ukifungua vitu vingi utaikamata ikisitasita. Pia Xiaomi, wenye Redmi, wana tabia ya kukuwekea matangazo ndani ya programu zao. Yanazimika kwenye mipangilio, moja baada ya jingine, ukiwa na subira.

Ina kiwango cha IP64 cha kuzuia vumbi na maji, na hapa niwaambie ndugu zangu wa Sahare na Deep Sea, kando ya bahari, kitu. Namba ya kwanza, 6, maana yake vumbi haliingii. Ya pili, 4, maana yake inavumilia maji ya kurushiwa, kama mvua au maji ya bomba yakikuruka. Haimaanishi kuzama, na vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si ya bahari. Maji ya chumvi yakikauka ndani ya tundu la chaji, yanaacha chumvi inayonyonya unyevu na kula vile vichuma vidogo vya Type-C. Simu inaanza kuchaji kwa kubembelezwa, ukiushika waya hivi, ukiupinda vile. Ikirukiwa na maji ya bahari, izime, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, iache ikauke kabisa, na usiichomeke chaji siku hiyo kama unaweza kuvumilia. Kwenye mtumbwi iende ndani ya pochi ya plastiki, iwe IP64 au IP nyingine yoyote.

Ya tatu: Tecno Spark 40

Chaji ya wati 45! Kwa simu ya kiwango hiki ni jambo zuri, kwa sababu umeme ukirudi kwa muda mfupi unapata chaji ya maana. Betri ni mAh 5200, prosesa Helio G81, kioo cha Hz 120 cha HD+, na IP64 pia. Boksi la Tecno kwa kawaida linakuja limekamilika, chaja na kava ndani, kwa hiyo bei unayoambiwa ndiyo bei.

Niliyoipenda zaidi ni ya baadaye: ikivunjika kioo, mafundi wa mjini wanazijua Tecno kama viganja vyao na vipuri havisumbui. Kinachoishusha ni programu. Ukiiwasha mara ya kwanza inakuja na msururu wa programu usizoziomba, na arifa zao haziishi mpaka uzizime. Na ahadi ya apdeti haifiki hata karibu na ile ya A07. Ndiyo maana ni ya tatu, si ya pili.

Infinix Hot 60i ni binamu yake wa karibu. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, na kati ya hizi mbili chagua ambayo rangi yake imekupendeza.

Chini ya laki tatu

Redmi A5 inaongoza hapa. Kioo kikubwa cha inchi 6.88, Hz 120, betri ya mAh 5200, prosesa ya Unisoc T7250. Inatumia Android 15 ya Go, ile iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya simu zenye RAM ndogo. Chaji ni wati 15, kwa hiyo ichomeke ukalale. Ya GB 3 iache. Ya GB 4 yenye hifadhi ya GB 128 ndiyo simu.

Infinix Smart 10 ina prosesa hiyohiyo na IP64, kamera yake ndiyo dhaifu. Itel A90 ni ya mtu anayetoka kwenye kiswaswadu na anataka WhatsApp, pesa ya simu na redio, basi. Usimpe mwanafunzi.

Laki tano na kupanda

Galaxy A17 ina kioo cha AMOLED, kinachotoa mwanga wake chenyewe, chenye HD kamili. Itoe nje ya duka saa saba mchana uweke na A07 pembeni: moja unasoma meseji, nyingine unaikinga kwa kiganja. Kamera yake kuu ina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, jambo linalookoa picha za jioni na video za kwenye bajaji. Miaka sita ya apdeti, kama mdogo wake. Haina tundu la earphone za waya, na kioo cha AMOLED kikivunjika bei yake itakukumbusha kuwa protekta na kava havikuwa gharama.

Tecno Spark 40 Pro+ ndiyo iliyonivutia zaidi mkononi kuliko zote. Unene wa milimita 6.49, kioo cha AMOLED cha Hz 144, na inachaji bila waya. Nzuri mno kuonyesha watu. Lakini sijui ni nani hapa Tanga anayehitaji kuchaji bila waya, na hiyo nyongeza unailipia. Ukipenda umaridadi, chukua. Mimi fedha yangu ningeipeleka A17.

Wanaoulizia iPhone Air, ile nyembamba iliyotoka Septemba 2025: haina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, laini iliyomo ndani ya simu yenyewe. Kama una desturi ya kuchomoa laini na kuihamishia kwenye kitochi ikiisha chaji, hiyo si yako.

Kuhusu 5G, A07 na simu nyingi nilizozitaja juu zinauzwa sana katika toleo la 4G. A17 ina matoleo yote mawili. Kabla ya kulipia tofauti, uliza watu wa mtaani kwako kama 5G inashika nyumbani. Kama haishiki, hiyo hela itie kwenye RAM.

Dukani sasa

Washa simu, piga *#06#, utaona IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ya tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Utarudishiwa aina ya simu hiyo. Jina likija tofauti na simu uliyoishika, mrudishie. Wanaokumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia, wanajua kwa nini.

Weka laini yako mwenyewe upige na upigiwe. Toa simu nje juani. Ongeza sauti mpaka mwisho, kama ni taarabu isikike taarabu, si bati.

Ya kutoka ng'ambo ya Horohoro inaweza kuwa na bei tamu, lakini warantii yake imebaki hukohuko, na nyingine ni simu za mkopo ambazo hazijamaliza kulipwa: siku mkopeshaji akiifunga, hakuna fundi halali atakayekufungulia. Na wewe mwenyewe ukitaka ya mkopo, zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba, ujumlishe na kianzio, ndipo usaini. Wengi hukuta hela hiyo ingetosha kuwatoa A07 kuwapeleka A17.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na IMEI iandikwe kwenye karatasi ya warantii mbele yako. Muuzaji akianza maneno mengi kuhusu hilo, duka la pili liko mlango unaofuata.