Neti ya kichwa ya pauni 8 vs visubi wa Uskoti: uzoefu wangu

Wadau nimeona niandike hii maana kabla ya safari nilitafuta maelezo ya Kiswahili nikakosa, kila unachofungua ni mbu, mbu, mbu. Hawa visubi sio mbu jamani, ni vidudu vingine vidogo vinavyouma.

Mimi kwetu Muheza, nimekulia Tanga mjini, sasa hivi naishi Glasgow nafanya kazi ya kulea wazee. Mbu nawajua, malaria nimeumwa mara ambazo hata mama hazikumbuki, na vile vidudu vya mikokoni jioni maji yakitoka navijua pia. Kwa hiyo shemeji (mdogo wake mume wangu, yeye ndo mpenda milima kwenye ukoo) aliponipigia akasema "shemeji, huko tunakoenda mwezi wa saba bila neti ya kichwa utalia", nikamjibu shem, mimi mtoto wa Tanga, visubi wa Wazungu watanifanya nini mimi. Basi. Nililia.

Safari yenyewe ilikuwa kipande cha West Highland Way, ile njia ya kutembea kwa miguu ya kilomita 154 inayoanzia Milngavie hapa nje ya Glasgow (inatamkwa kama Malgai, msiniulize kwa nini) mpaka Fort William. Sisi tulifanya siku 4, kutoka Drymen, tukafuata ukingo wa ziwa Loch Lomond, Inverarnan, Tyndrum, halafu tukavuka Rannoch Moor mpaka hoteli ya Kingshouse. Pazuri, tena pazuri kupita kiasi, lakini leo siongelei mandhari.

Neti ya kwanza niliagiza mtandaoni, bei rahisi, picha nzuri, imeandikwa inazuia wadudu wote. Duka silitaji. Usiku wa kwanza tulipiga hema karibu na ziwa (kibali tulikata, maana sehemu nyingi za pale kuanzia Machi mpaka Septemba huruhusiwi kupiga hema bila kibali), upepo ukafa, wingu limetanda, kajua hakuna, nikavaa neti yangu nikakaa kwenye jiwe najisikia mjanja. Dakika tano tu nasikia moto kwenye kope. Nashika shavu, moto. Kumbe wako NDANI ya neti, wameingia kupitia matundu, na wakishaingia hawajui kutoka kwa hiyo wanabaki na wewe humo humo mnakula wote, wao wanakula wewe. Ile neti ilikuwa ya mbu. Kisubi ni mdogo sana, mwili wake haufiki hata milimita 2, tundu la neti ya mbu kwake ni mlango wa gereji. Na hapo shemeji ananiangalia tu anatabasamu ndani ya neti yake, mtu mzima na heshima zake.

Niseme kidogo hawa ni wadudu gani maana ukishaelewa tabia yao hata bidhaa utachagua vizuri. Anayeuma ni jike, anataka damu ya kukuzia mayai, hapo ni kama mbu. Ila mbu anachoma kama sindano, huyu anakata ngozi na vimeno kama vya msumeno halafu anakunywa damu inayochuruzika, ndo maana unasikia kama cheche ya moto. Anazaliwa kwenye udongo mweusi wa majimaji, na milima ya Uskoti magharibi yote ni huo udongo, ukikanyaga unabonyea kama godoro, kwa hiyo hakuna cha kusema utafyeka majani au utamwaga maji yaliyotuama kama nyumbani, utamwaga nchi nzima? Funza wake wanakaa humo baridi yote, wakubwa wanatoka kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Septemba. Na hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama moshi, wanafuata pumzi unayotoa.

Kuhusu magonjwa, wengi kwetu wakisikia usubi wanaogopa macho. Hiyo ni habari nyingine. Ule ugonjwa wa usubi unaopofusha, ambao kwetu Muheza tunapangwa foleni tunapimwa urefu na fimbo ndo tunapewa vidonge, unaenezwa na nzi mweusi wa kwenye mito ya maji ya kasi, ni mdudu mwingine kabisa, majina tu yamegongana. Hawa visubi wa Uskoti hawaambukizi binadamu ugonjwa. Wanakera tu. Lakini kukera kwenyewe ni kule kwa mtu kuamua kurudi nyumbani.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia, hata shemeji hakukifikiria: saa zao. Visubi wanapenda mwanga hafifu, alfajiri na jioni, kama nyumbani. Nyumbani magharibi ni nini? Jua linazama, unaingiza kuku, unawasha taa, nusu saa giza. Huku mwezi wa saba jua linazama karibu saa nne usiku na baada ya hapo mwanga unagoma kuondoka, yaani ile dakika thelathini ya mbu wa Tanga huku inavutwa inakuwa masaa. Na siku yenyewe ikiwa ya mawingu hawasubiri hata jioni, mchana kweupe wanakuja.

Halafu mimi naswali. Alfajiri na Magharibi ndo saa zao hasa, kama vile wamesoma ratiba. Unatawadha ziwani, dawa yote uliyojipaka mikononi na usoni imekwenda na maji, unasimama kwenye majani mabichi, unafunua neti usujudu, na hapo chini kwenye majani ndo nyumbani kwao. Siku ya kwanza nilisali sala fupi kuliko zote maishani mwangu, Mungu anisamehe. Kesho yake tukabadilisha, safarini unaruhusiwa kukusanya Magharibi na Isha, tukawa tunasubiri giza liingie sawasawa tunasali ndani ya hema kwa kuinama inama. Ila ushungi nausifu! Shingo, masikio, nywele zote zilikuwa salama, wakati shemeji nyuma ya masikio alikuwa kama kapakwa ndui.

Tyndrum, siku ya tatu, nikaingia duka dogo la vitu vya kutembelea milimani nikanunua neti nyingine, pauni 8, imeandikwa kabisa ni ya visubi sio ya mbu. Unaijua kwa kuiinua kwenye mwanga, matundu huyaoni, inaonekana kama kitambaa cha soksi ndefu za kina mama. Nyeusi. Nilidhani nyeupe ndo nzuri, muuzaji yule mama akanambia vaa nyeupe uone, na kweli nikijaribu nyeupe naona ukungu mtupu, nyeusi unaona njia vizuri tu. Ina lastiki shingoni. Shida yake moja: ukiivaa tupu inagusa pua na paji la uso, na pale inapogusa wanakung'ata kwa nje. Dawa yake ni kofia ya pama chini yake, ukingo unaisukuma mbele inakaa mbali na uso. Mimi nilivaa ushungi, juu yake pama, juu yake neti. Shemeji akanipiga picha akatuma kwenye grupu la familia, wifi akauliza nimeanza kufuga nyuki lini.

Kunywa chai nayo ni kipaji. Unainua kidogo chini, unapenyeza kikombe, unavuta, unashusha. Chai ya kwanza nilikunywa na visubi kama saba hivi wakielea kama iliki.

Joto? Huku sio tatizo, ila nadhani ukiipeleka pwani mchana utaloa jasho.

Dawa ya kujipaka sasa. Mimi nilibeba yenye DEET kwa sababu ndo niliyoizoea. Inafanya kazi, sikatai, lakini DEET inayeyusha plastiki, na hili mtu akikwambia unaona kama uongo mpaka ushike miwani yako ya jua uone fremu inanata na alama za vidole zimebaki humo. Rangi ya kucha pia iliharibika. Shemeji anatumia yenye pikaridini asilimia 20, haina harufu kali, hailiwi na jasho haraka sana, plastiki haiigusi. Nikahamia hiyo. Kwenye mikono na vifundoni ilinisaidia kweli, unawaona wanakuja, wanatua, wanasitasita, wanaondoka. Wachache wabishi wanauma hivyo hivyo. Kama unapaka mafuta ya kuzuia jua anza na hayo, acha yakauke, ndo upake dawa juu. Kazini kuna mama mmoja wa Kiskoti anaapa kwa yale mafuta ya Avon ya Skin So Soft, anasema wavuvi na wakata miti wote wanajipaka, mimi nilishatosheka na pikaridini sikuyajaribu. Mwingine akaniambia bibi yake alikuwa anachomeka matawi ya kimti fulani cha kwenye majimaji chenye harufu, nikakumbuka kivumbasi tunavyoning'iniza dirishani kwetu. Bibi wa kila mahali ni wale wale.

Moshi unasaidia kiasi, kama makumbi ya nazi nyumbani, lakini na wewe unakaa humo unalia, sasa umefaidi nini. Mishumaa ile ya mchaichai nje kwenye uwazi ni ya kupendezesha meza tu.

Lakini niwe mkweli, kitu kilichotusaidia kuliko neti na kuliko dawa hakiuzwi: upepo. Kisubi hawezi kuruka upepo ukifika kama kilomita 10 kwa saa, na huo ni upepo mdogo tu, wa kupeperusha leso. Siku ya Rannoch Moor, ile nyika ya majimaji ambayo kwa hesabu ndo makao makuu yao, tulitembea kutwa nzima sikuvaa neti hata mara moja kwa sababu upepo ulikuwa unavuma uso kwa uso. Tumefika Kingshouse, tumeshusha mabegi upande wa ukuta usio na upepo ili tupumzike, dakika mbili hawa hapa. Tukahamia upande wa pili wa jengo kwenye upepo, hakuna hata mmoja. Hatua ishirini! Tangu hapo hema napiga mlimani kidogo penye hewa, sio bondeni karibu na maji pazuri pa kupigia picha. Huku kuna mpaka utabiri wa visubi, kama wa mvua, unapewa namba kuanzia 1 mpaka 5 kwa kila eneo, mimi sasa naangalia huo kabla ya hali ya hewa.

Mengine madogo: vaa rangi za mwanga, nguo nyeusi inawavuta. Suruali hawapenyi, mdomo wao mfupi, wanatafuta ngozi tupu, kwa hiyo soksi juu ya suruali hata kama unaonekana kituko. Na kagueni neti ya hema kabla ya kununua, neti ya ndani ya hema letu ilikuwa na shida ile ile ya matundu, usiku wa kwanza tulilala na zipu zote zimefungwa tunatoka jasho kama mikate kwenye tanuri. Ukishaumwa usijikune, maji ya baridi na kidonge cha aleji. Mimi nilijikuna, wiki mbili kazini wazee wananiuliza kama ni tetekuwanga.

Alama zangu: neti ya pauni 8 nyota 5. Pikaridini nyota 4, inapoteza moja kwa sababu kila ukitawadha unaanza upya. DEET nyota 3, muulizeni miwani yangu. Neti ya kwanza nimeikata, naoshea sufuria.

Mwisho wa mwezi wa nane tunarudi, Glencoe safari hii, na mume wangu naye anakuja. Nimemwambia anunue ya kwake. Kasema yeye mtu wa Pangani, visubi wa Wazungu watamfanya nini.