Tableti ndogo za kununua Kisumu: uliza umri kabla ya kuuliza bei

Wanaoniandikia kuhusu tableti ndogo siku hizi wana kilio kimoja. Mwalimu mmoja wa Maseno alinunua ya inchi 8 ikiwa bado na nailoni yake, na mwaka haukuisha kabla programu ya benki haijakataa kufunguka. Afisa wa sacco anayezungukia wakulima wa mpunga Ahero, yake ilikuwa inazima saa saba mchana tangu wiki ya kwanza. Waliporudi dukani waliambiwa maneno yale yale: "Hiyo ni mpya, madam. Labda unaitumia vibaya."

Kwamba hakuna aliyekuwa ameigusa, nakubali. Swali langu ni ilikaa kwenye boksi miaka mingapi.

Wanunuzi wengi wa tableti huuliza RAM, kamera na ukubwa wa kioo. Hayo yameandikwa kwenye boksi, huhitaji mimi kukusomea. Umri ndio usioandikwa, na kwenye tableti ndogo umri ni balaa kwa sababu mpya hazitoki haraka. Simu hutoka kila mwaka, hata kabla hujamaliza kulipia ya mwaka jana. Hizi ndogo za kushika kwa mkono mmoja, subiri. iPad mini ya nne ya Apple ilitoka 2015, kukawa kimya hadi ya 2019, ikaja nyingine 2021, halafu kimya tena hadi Oktoba 2024. Google walitupa raha na Nexus 7 mwaka 2012 na 2013, kisha wakaiacha saizi hiyo. Pixel Tablet yao ya 2023 ina karibu inchi 11, sinia la kupangia chapati. Hata Samsung, ninaowapenda bila kuficha, hawajatoa ndogo yenye nguvu kwenye familia yao ya Tab S tangu Tab S2 ya inchi 8 mwaka 2015. Simu zimenenepa hadi inchi 6.7 na zaidi, nao watengenezaji wakaamua kwamba hakuna anayetaka kifaa cha kukaa katikati. Hawajawahi kumwona mtu akijaza fomu ya mkopo akiwa amesimama kwenye tuta la shamba.

Kwa hiyo katikati ya toleo moja na jingine, mzigo wa zamani unabaki kwenye rafu kwa bei ile ile, na muuzaji anauita mpya. Betri ya lithiamu huchoka hata bila kutumiwa, hasa ikiachwa tupu kabisa kwenye joto kama la Kisumu. Mfumo unaoiendesha, kama Android, nao unazeeka zaidi kuliko betri. WhatsApp, kwa mfano, waliacha kuhudumia Android 4.4 mwanzoni mwa 2025, na programu za benki huwa na masharti makali kuliko hayo.

Fanya hivi ukiwa bado kaunta. Mwambie aiwashe mbele yako, na asiiunganishe na Wi-Fi kwanza. Ingia Mipangilio, teremka hadi Kuhusu, kisha maelezo ya programu, utafute tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe hiyo itakuonyesha mfumo uliomo ni wa lini. Ikiwa ni ya miaka miwili nyuma, usikimbie bado. Sasa ndiyo uombe Wi-Fi, au uwashe hotspot ya simu yako, na ubonyeze pa kutafuta sasisho. Likija, liweke uangalie tarehe tena: ikiwa sasa ni ya karibuni, mfumo bado unahudumiwa, na kilichobaki ni kubishania bei. Kifaa kikikujibu kwamba kiko sawa, hakuna jipya, na tarehe imebaki pale pale, hapo umeshika maiti. Muuzaji atakuwa anakutazama kama mtu wa ukaguzi. Mwache atazame.

Sasa ya kununua. Ya kwanza kwangu ni Samsung Galaxy Tab A11, ya laini, si ya Wi-Fi pekee. Ilitoka Septemba 2025 ikiwa na Android 15, inchi 8.7, na Samsung wanahudumia vifaa vyao kwa muda ninaoweza kuutegemea. Hata hivyo nina neno nao. Tab A7 Lite ya 2021 ilikuwa na betri ya mAh 5100. Tab A9 ya 2023, 5100. Hii ya 2025, 5100! Chipu nayo ni Helio G99 ile ile ya A9. Tulisubiri miaka miwili, tukaongezewa kioo kinachoteleza vizuri zaidi na mfumo mpya. Bado naiweka juu kwa sababu ya huo mfumo. Ukiipata A9 kwa bei ya chini kweli kweli, ichukue, baada ya kuangalia tarehe. A7 Lite iache hapo hapo, hata akikupa na kava.

Ya pili ni Galaxy Tab Active5, na kama kazi yako ni ya nje, ihamishie namba moja. Ndogo iliyoitangulia, Active3, ilikuwa ya 2020. Hii ikaja Januari 2024. Inavumilia maji na vumbi kwa kiwango cha IP68, ina kalamu yake, na betri yake inatoka. Unafungua mgongo kwa ukucha, unatoa iliyokwisha, unaweka nyingine, unaendelea na mkulima wako. Betri ikizeeka, unanunua betri, si tableti. Hapo ndipo yule afisa wa Ahero angepona. Ubaya wake ni kwamba si ya kuokota kila duka. Itabidi uagize, na bei inauma. Nikisema bei inauma namaanisha utaketi chini kwanza.

iPad mini ya 2024 ni ya tatu, na ni ya tatu kwa sababu ya mfuko tu. Kwa kuhudumiwa muda mrefu Apple hawana mpinzani: ile ya 2019 iliweza kupokea hata iPadOS 26, mfumo wao wa 2025. Lakini kwao Marekani ilitoka ikianzia dola 499, bei ile ile ya 2021, na ikifika hapa imeongezwa VAT ya asilimia 16, na faida ya kila mkono iliyopitia. Ukiuziwa mini 4 kwa "bei ya kutupa", kumbuka hiyo ni ya 2015 na iliishia iPadOS 15.

Nokia T10 bado naiona kwenye rafu. Kifaa hakikuwa kibaya. Ilitoka 2022 na ahadi ya masasisho ya usalama ya miaka 3. Piga hesabu mwenyewe. Lenovo Tab M8 zina matoleo mengi yenye jina moja, kuanzia 2019, na muuzaji hajui tofauti au hataki kuijua. Zile za watoto za plastiki zisizo na jina, mnunulie mtoto.

Bei za shilingi sitaandika, na lawama si yangu. Pita Barabara ya Oginga Odinga utafute duka la simu lililobandika bei kwenye tableti. Ukiuliza, kwanza unatazamwa viatu. Mtandaoni ndiyo kabisa, picha inang'aa halafu "bei ni inboksi". Kifaa kimoja, siku moja, nimetajiwa bei mbili zilizoachana kwa elfu nne, na maduka yenyewe yanatazamana. Kisha waranti: wa kwanza akasema mwaka, wa pili wiki moja, na wote wawili hawakutaka kuiandika popote. Till ya kulipia nayo ina jina la duka la nguo.

Dai risiti yenye jina la duka, modeli kamili na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa. IMEI ya tableti ya laini utaipata kwenye Mipangilio, hapo hapo kwenye Kuhusu. Ilinganishe na ya boksi tarakimu kwa tarakimu kabla hujatuma pesa, kwa sababu maboksi huhamishwa. Akikuambia kitabu cha risiti kimeisha, mwambie utarudi kikiletwa kingine.