Seismic Unix na data ya mitetemo ya Tanga: uzoefu wangu

Ukipima ardhi upande wa Amboni au Kiomoni, swali la mwenye kiwanja ni moja: chini kuna mwamba mzima au kuna tundu? Mawe ya chokaa ya huku ni ya enzi ya Jura, na maji yameyala mpaka yakatokea yale mapango ya Amboni. Kwa hiyo kabla ya kuweka msingi tunapanga jiofoni (vifaa vidogo vya kunasa mitetemo ya ardhi), tunapiga bamba la chuma kwa nyundo na kurekodi mtetemo unaofika kwenye kila jiofoni. Kazi ngumu huanza baadaye, kwenye kuzichakata tresi, yaani rekodi za kila jiofoni, na kwa kazi hiyo natumia Seismic Unix, mkusanyiko wa programu za kuchakata data ya mitetemo.

Imetoka Chuo cha Madini cha Colorado, Marekani. Ni ya bure, na msimbo wake wote uko wazi. Haina madirisha ya kubofyabofya. Ni programu ndogondogo nyingi unazoziita kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), tokeo la moja likiingia kwenye nyingine:

sufilter f=10,20,150,200 < mstari.su | sugain agc=1 wagc=0.05 | suxwigb perc=98

Mstari huo mmoja unachuja, unasawazisha nguvu ya mawimbi, kisha unachora. Nauhifadhi kwenye skripti, na mhandisi akiuliza picha ile imepatikanaje, namwonyesha hatua zote. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko urembo wowote wa skrini. Tena inakwenda vizuri kwenye kompyuta ya zamani, hata pasipo intaneti.

Sasa kuingiza data, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Faili ya SEG-Y, muundo wa kawaida wa kuhifadhi data ya mitetemo, huanza na maelezo ya baiti 3200, hufuata baiti 400 za mfumo wa namba, kisha kila tresi ina kichwa chake cha baiti 240, chenye namba za kuieleza. Amri ya segyread huweka kando zile sehemu mbili za mwanzo na kubakiza tresi na vichwa vyake, huku ikibadilisha namba za mtindo wa IBM ziwe zile kompyuta yako inazozielewa. Ukimaliza, usichore kitu. Endesha surange kwanza, ikuonyeshe kila kipengele cha vichwa kina namba gani, ndogo hadi kubwa. Kama umbali wa jiofoni hauonekani pale, picha utakayochora haitakuwa na maana.

Kwa sisi wa vipimo vifupi kuna jambo la kuangalia sana: vipengele vya mahali na umbali kwenye vichwa hivyo hupokea namba nzima tu. Jiofoni zikiwa kila mita 2.5, ile nusu haina pa kukaa. Viwianishi (namba za mahali, kama gx ya jiofoni) vina kizidishi chake, scalco, lakini offset, yaani umbali kutoka nyundo hadi jiofoni, haina cha kwake. Mimi naandika kila kitu kwa sentimita: sushw key=gx a=0 b=250 j=24 hujaza mahali pa jiofoni, kisha suchw hutoa tofauti yake na mahali pa nyundo. Ila ukumbuke kwamba kasi nayo itakuwa ya sentimita. Mita 2,000 kwa sekunde utaiandika 200000.

Udhaifu upo. Kuchagua wimbi la kwanza kufika kunafanywa kwa kuweka kipanya juu ya tresi na kubonyeza s, tresi moja moja, na kwa siku nzima ya kazi inachosha. Kutoka hapo kwenda kwenye kina cha mwamba nahamia programu nyingine. Maelezo nayo ni ya Kiingereza, ingawa ukiandika jina la amri peke yake huyatoa papo hapo, jambo linalosaidia mno ukiwa porini.

Ukitaka kuijenga kwenye Linux, weka CWPROOT, yaani njia ya folda itakamokaa, kabla ya kitu kingine chochote. Na kama mnabadilishana faili na wenzako, kubalianeni mapema: wote muijenge na XDR (mtindo wa pamoja wa kuandika namba kwenye faili), au wote bila XDR. La sivyo faili ya mmoja haitasomeka kwa mwingine.