Ntusi na Bigo bya Mugenyi: nendeni, ila mtafute mzee wa pale awatembeze

Wale mnaouliza mkishamaliza Jinja na Murchison hapa Uganda mwende wapi tena, mimi nasema nendeni wilaya ya Sembabule mkaone Ntusi na Bigo bya Mugenyi, sehemu mbili za kale. Ila nisiwadanganye, ukienda bila mtu wa kukuelekeza utaona majani na ng'ombe tu, utarudi Kampala umenuna. Pale hakuna ukuta wa mawe kama wa Great Zimbabwe, ni udongo, yaani mahandaki na vilima vilivyotengenezwa na watu. Kampuni iliyotuuzia safari ilituambia tunaenda kuona ngome ya mawe, na dereva wao njia haijui, tukawa tunauliza kila senta. Hao nyota moja inawatosha.

Kilichookoa siku ni mzee mmoja tuliyempata Ntusi, mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake kilekile cha kambini, na hiyo ardhi anaijua maana amechunga hapo tangu utoto.

Anzeni Ntusi jamani. Wengi wanaipita mbio wawahi Bigo kwa sababu Bigo ndo yenye jina, na hapo ndo wanakosa uhondo wote. Kuna vilima viwili, kimoja wanakiita cha kiume kingine cha kike, na kwa mbali huoni cha ajabu, lakini sogea pale mvua ilipokata udongo pembeni uangalie: majivu, mifupa ya ng'ombe, vigae vya vyungu, tabaka juu ya tabaka. Lile ni jalala! Watu waliishi pale kuanzia karne ya 11 hivi mpaka ya 15, wanakula, wanavunja vyungu, wanamwaga, wajukuu zao wanaendelea kumwaga palepale mpaka pakawa kilima. Vigae vingine bado vina alama ndogondogo za kamba iliyosukwa, mfinyanzi aliiviringisha kwenye udongo ukiwa mbichi, na zinaonekana safi kabisa. Mzee akaninyooshea kimoja kwa fimbo, akasema, "Angalia tu kijana wangu, usichukue, hiyo iko ya wenyewe." Mwenzetu mmoja alikuwa ameshatia kimoja mfukoni, akaambiwa akirudishe palepale alipokitoa, na akarudisha. Wachimbuaji wamewahi kupata hapo mpaka shanga za kioo, kitu ambacho kilitoka huko pwani ya Bahari ya Hindi, sasa fikiria umbali huo enzi za kutembea kwa miguu.

Usiondoke bila kuona Bwogero, lile bonde kubwa lililochimbwa na watu karibu na vilima, inaaminika lilikuwa la kunyweshea ng'ombe. Mimi hapo ndo nilikaa muda mrefu kuliko kote.

Bigo yenyewe iko mbele huko, juu ya kinamasi cha mto Katonga, na barabara ya kufika ni ya kuombea mvua isinyeshe. Mahandaki yake ukiyaunga yote yanapita kilomita 10, kuna sehemu yamekatwa mpaka kwenye mwamba, na kazi yote hiyo ni ya mikono, chuma na vikapu, kati ya miaka ya 1300 na 1500 hivi. Tukashuka ndani ya handaki, kingo zikatupita kichwa, mzee akatuonyesha jinsi la nje linavyozunguka malisho yote mpaka mtoni. Wengine wanasema ni la vita, yeye anasema ni la ng'ombe, na mimi namuunga mkono, maana ungehitaji jeshi kubwa mno kulinda urefu wote ule. Masimulizi yanasema ni mji wa Mugenyi wa Bachwezi, wale watawala wa kale wa kwenye hadithi, na mpaka leo kuna watu wanaenda pale kuomba. Tuliwakuta chini ya mti, ukiwakuta salimia upite, usiwapige picha.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna maelezo ya maana ya kumsaidia mgeni. Wanaakiolojia walichimba Bigo tangu 1957, na sehemu zote mbili ziko kwenye orodha ya Uganda ya kusubiri urithi wa dunia tangu 1997, halafu unafika unakuta handaki limemezwa na vichaka na njia za ng'ombe zinabomoa kingo kila siku. Watoto wetu wanakaririshwa mapiramidi ya Misri darasani na hii iko hapahapa nyumbani, inaniuma sana kwa kweli.

Kama mnaenda, nendeni kiangazi, Januari au Julai majani yakiwa mafupi. Vaeni viatu vya kufunga na suruali ndefu, miiba ipo. Bebeni maji na chakula toka Masaka au Sembabule mjini, mkifika Bigo hamkuti duka. Kuleni mapema mtoke asubuhi, na mzee mlipeni vizuri, mkononi mwake mwenyewe.

Ntusi nyota tano. Bigo nne, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya vichaka.